Umekuja na Nani?

Kilichoanza kilikuwa kidogo tu: rangi ilikataa kushika.

Bi Alo alikuwa ameshapaka anga, ameshateremsha ukuta wa njano wa nyumba ya kona, na sasa alikuwa amefika kwenye benchi lililoegemea ukuta ule. Hapo rangi ikagoma. Kila alipopitisha brashi, maji yaligawanyika na kukimbilia pembeni, yakaacha peupe. Akachukua brashi nene, akalazimisha. Peupe pakabaki palepale, ila sasa palikuwa na kichwa na mabega.

Akainua macho kulitazama benchi lenyewe, ng'ambo ya barabara. Lilikuwa tupu, limewakiwa na jua la mchana.

"Karatasi mbovu hii," akanung'unika, maana karatasi haiwezi kujitetea.

Jina la Bi Alo alipewa na watu wa kikundi chake cha wachoraji. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kupokea simu katika hospitali kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha, na hata baada ya kustaafu, simu yoyote ikilia, iwe yake au ya mpita njia, yeye aliruka na kusema "Alo!" Watu wakacheka, jina likaganda. Yeye alilipenda. Ukikaa muda mrefu bila mtu wa kukuita, hata jina la utani ni zawadi. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee alikuwa nchi ya mbali, kazini, akiishi katika chumba kimoja cha ghorofani, na alipiga simu kila Jumapili kwa sauti ya mtu aliyeshika mkoba mkononi. Nyumba ya Bi Alo ilikuwa kimya kiasi kwamba kijiko kikianguka hapakuwa na wa kumsingizia. Tusidanganyane, si mapenzi ya sanaa yaliyompeleka kwa wachoraji. Alitaka watu.

Na wachoraji wale walikuwa watu kweli. Kila Jumamosi walikodi gari wakaenda kuchora mtaa mmoja wa jiji kwa rangi za maji: leo mtaa wa matajiri, ambako ua wa majani umenyolewa vizuri kuliko kichwa cha mwenye nyumba, wiki ijayo mtaa wa wachomelea vyuma, nyingine vichochoro vya ghorofa kuukuu ambako nguo zinaanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mcheshi waliyemwita Mwalimu, alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, maji hayabebwi kutoka nyumbani. Unabisha hodi kwa wenyeji, unaomba maji ya kuchovya brashi, mnajuana, na ukimaliza unarudi kuyamwaga palepale na kushukuru. "Utachoraje mlango wa mtu ambaye hujamsalimia?" ndivyo alivyokuwa akisema. Ya pili, mtaa usio na mtu hauna kipimo, kwa hiyo kila mmoja amchore mwenzake aliyeketi karibu. Mwisho wa kazi picha zote zililazwa chini kwa mstari, watu wakapita wakisifiana na kutaniana. Kwa Bi Alo, hiyo ndiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote za wiki.

Siku ile, kabla hajaanza kupaka, milango ya karibu ilikuwa imeshabishwa hodi na wenzake, naye hakupenda kuonekana msumbufu. Akazunguka nyuma ya nyumba ya njano, akakuta mlango wa buluu uliofungwa, na pipa la maji pembeni. Akabisha hodi mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani, laini, kama ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote.

"Karibu. Pipa hilo hapo, jichotee."

"Ahsante, mama." Bi Alo akachovya chupa yake, iliyowahi kuwa ya jamu.

"Umekuja na nani, mwanangu?"

Aligeuka kuwatazama wenzake kule barabarani. Walikuwa wakicheka jambo ambalo yeye hakulisikia, na hakuna aliyekuwa akimtafuta kwa macho.

"Nimekuja peke yangu."

"Na nyumbani una nani?"

Angeweza kumtaja binti. Lakini Jumapili iliyopita binti hakupiga simu, na uchungu wake ulikuwa bado mbichi. "Sina mtu, mama," akasema.

"Ala," ikasema sauti ile, taratibu, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitafuta. "Sawa."

Picha zilipolazwa chini, mwenzao mmoja, daktari wa meno, ambaye hakuna picha aliyoichora bila kamba ya nguo, alichuchumaa mbele ya picha ya Bi Alo. "Huyu mtu wa kwenye benchi umemwacha vizuri, Bi Alo. Kuacha peupe namna hii bila kupagusa si mchezo!"

"Sijaacha mtu," akasema Bi Alo.

"Sikilizeni anavyoringa!" Watu wakacheka. Kabla hajajieleza, mvua ikashuka ghafla, kila mtu akakusanya vitu vyake mbiombio kuelekea garini. Hakurudi kushukuru wala kumwaga maji. Alipofika nyumbani ndipo alipoikuta ile chupa ndani ya mfuko wake, imejaa nusu, kifuniko kimekazwa, na hakukumbuka kukikaza. Akaiweka mezani kando ya simu, akisema ataimwaga kesho.

Kesho hakuimwaga. Si kwamba alisahau. Kila alipoinyooshea mkono aliona uvivu wa ajabu, akajikuta ameketi, anaitazama. Maji ya rangi yakikaa hutulia, tope likashuka chini. Haya hayakutulia. Na sebule ikaanza kunuka karatasi iliyolowa, harufu ya vitu vilivyofungiwa chumba kilichovuja.

Alasiri moja, akiwa chumbani anakunja nguo, akasikia sebuleni ting, ting, ting. Kila mchoraji wa rangi za maji anaijua sauti hiyo: ni brashi inayosuuzwa, inagongwa kwenye mdomo wa chupa ili maji yadondoke. Akatoka mbio na shuka mkononi. Hakukuwa na mtu. Brashi zilikuwa mfukoni, zimefungwa. Lakini ndani ya chupa maji yalikuwa yakizunguka, yakizunguka, mpaka yakapungua mwendo na kusimama mbele ya macho yake.

Jumamosi iliyofuata walikwenda mtaa wa wachomelea vyuma. Yule mtu wa peupe akawemo tena katika picha ya Bi Alo, safari hii amesimama barabarani, mkubwa zaidi, kama aliyeinuka kwenye benchi lake na kuanza kuja. Bi Alo aliifunika picha kwa mkono na kungoja wenzake walaze zao, na alipozitazama za wenzake, akainama aone vizuri. Mwalimu alikuwa amechora kiti cha kukunja cha Bi Alo: miguu yake, kitambaa chake cha mistari, hata kivuli chake. Juu ya kiti palikuwa peupe. Daktari wa meno naye alimwacha peupe. Katika picha zote, kila aliyeketi karibu naye alikuwa ameacha peupe penye umbo la mwanamke aliyeinama.

"Mbona hamkunichora?" akauliza.

Hakuna aliyegeuka. Mwalimu alikuwa akigawa maandazi. Mkono wake ulipita mbele ya kifua cha Bi Alo, ukampa aliyefuata.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi je?"

"Tumeenea?" Mwalimu akauliza, akitazama palepale aliposimama Bi Alo, na macho yake yakapita kama yanavyopita kwenye ukuta. "Haya, tuondokeni." Gari likaondoka. Bi Alo akatembea jiji zima kwa miguu, na dukani karibu na kwake muuzaji akawahudumia wote waliokuja nyuma yake, mpaka Bi Alo akaurudisha mkate aliokuwa ameushika, akasimama na njaa yake katikati ya watu.

Jumapili simu ililia. "Alo! Mwanangu!" akasema, machozi yakimlenga. "Mwanangu, sikiliza, mimi sijui nina nini, watu hawanioni."

"Nimekula, mama," akasema binti.

"Nasema hawanioni!"

"Ee, baridi bado ipo. Hapana, kazi ni ileile." Binti akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo la upole. "Haya mama, tutaongea."

Simu ikakatika. Bi Alo akajiambia kuwa ni mtandao, maneno yanachelewa njiani. Yeye aliyefanya kazi ya simu maisha yake yote alijua kuwa maneno hayachelewi hivyo, lakini mtu akizama hushika hata jani.

Aliyemwona alikuwa fundi wa friji. Alikuwa ameitwa wiki mbili nyuma, na kama kawaida ya mafundi, akatokea alipokuwa ameshasahauliwa. Mtu wa makamo, mfuko wa spana begani. Alisimama kizingitini, akanusa, akarudi hatua moja.

"Mama," akanong'ona, "humu ndani unaishi na nani?"

"Unaniona?"

"Nikikutazama pembeni nakuona. Nikikutazama usoni naona kabati. Sikiliza, mama yangu. Mimi ni fundi wa friji. Haya mengine nimeyarithi kwa bibi, kama wenzangu wanavyorithi upara. Sikuyaomba wala sijatangaza. Ile chupa umeitoa wapi?"

Akamsimulia yote, mlango wa buluu, maswali, na majibu yake. Fundi alisikiliza huku akiikodolea macho chupa kama mtu anayemtazama mbwa asiyefungwa.

"Ulikosea kwenye jibu," akasema. "Maji ni njia tu. Mtu ni watu, mama. Ukisema huna mtu, umejitoa mwenyewe kwenye hesabu ya watu, na kisicho na mwenyewe huokotwa. Jini huyu hali nyama wala hanywi damu. Anaishi kwa kujibiwa. Anauliza, na mpweke akijibu, anamvaa polepole, kama kanzu."

"Nifanye nini?"

"Yarudishe maji pale, mchana, jua likiwa juu. Lakini usiende peke yako. Mtu wako akufuate kwa hiari yake mpaka mlangoni, na jini akiuliza, huyo mtu aseme amekufuata wewe."

"Twende wewe, baba. Nakuomba."

"Mimi umeniita kwa kazi, na wa kazi hahesabiki. Huna ndugu? Mtoto?"

"Yuko mbali."

"Tafuta mtu, mama," akasema fundi, na hapo sauti yake ikawa ya huruma hasa. "Na iwe Jumamosi hii. Nikija tena naogopa hata pembeni sitakuona." Friji aliitengeneza bila kuomba chochote, akaondoka akitembea kinyumenyume.

Tafuta mtu! Neno dogo, lakini kwa Bi Alo lilikuwa mlima. Alikuwa mtu wa kuunganisha wengine. Yeye mwenyewe hakuwahi kumpigia mtu na kusema njoo, nina shida. Usiku na mchana aliwapitisha wote kichwani, na kila jina aliliachia kwa aibu.

Jumamosi akawafuata wachoraji kwenye vichochoro vya nguo. Chupa ilikuwa mfukoni, nzito kuliko ilivyostahili. Akamwendea Mwalimu, akamshika mkono. Mwalimu akajikuna kama aliyetuliwa na nzi. Akamwendea daktari wa meno, akamwita sikioni. Daktari akageuka akisema kuna upepo. Akapita kwa mmoja mmoja, akiwaita, na kadiri alivyoita ndivyo alivyojiona akipauka, mikono yake imekuwa kama picha iliyosahaulika mvuani, mpaka akaketi chini, kando ya kiti cha mwisho.

Kiti hicho kilikuwa cha Mzee Bango. Zamani aliandika mabango ya maduka. Siku hizi mkono ulitetemeka, akahamia kwenye rangi za maji ambazo, alisema, zinasamehe. Alikuwa amefiwa na mke, mtu wa maneno machache. Kwa miezi yote hiyo yeye na Bi Alo hawakuwa wamezungumza zaidi ya jua na mawingu. Bi Alo hakumshika wala hakumwita. Alikuwa amechoka. Akafumba macho, na kinywani, bila kupanga, yakamtoka maneno aliyoyasema maisha yake yote, kwa ile sauti yake ya kazini:

"Alo, hospitali. Usikate, tafadhali. Niko hapa."

Brashi ya Mzee Bango ikasimama.

"Sema tena," akasema mzee, akitazama mbele.

"Usikate, tafadhali. Niko hapa."

"Sauti hii naijua. Mke wangu alipolazwa, nilikuwa napiga simu kila jioni kutoka duka la jirani. Wodini walikuwa hawapokei. Kuna dada alikuwa ananiambia hivyo hivyo, usikate, niko hapa. Siku mke wangu alipofariki, yule dada alikaa nami kwenye simu mpaka nikaacha kulia. Sikuwahi kumwona." Akageuza uso polepole, akikaza macho kama anayesoma bango la mbali. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee," akasema Bi Alo, na kilio kikampasuka. "Nina shida. Naomba unifuate mahali."

Mzee Bango hakuuliza ni wapi. Aliweka brashi chini, akavaa kofia.

Mtaa wa nyumba ya njano ulikuwa umetulia kwa jua la adhuhuri, madirisha yamefungwa, hata mbwa hayupo. Walizunguka nyuma. Nyumba ile haikuwa na paa. Juu ya ukuta ilionekana anga, na pipa ambalo Bi Alo alichota maji siku ile lilikuwa limetoboka kwa kutu, kavu, na ndani yake mna majani ya mwaka jana. Mlango wa buluu tu ndio uliokuwa mzima. Bi Alo akahisi mkono wa mzee ukikishika kiwiko chake, akabisha hodi kwa sauti isiyozidi pumzi, na kabla hajamaliza neno harufu ile ya karatasi iliyolowa ikawafunika, na nyuma ya mlango ule usio na chumba nyuma yake ikasikika ting, ting, ting, kisha sauti, na sauti haikuwa tena ya yule mwanamke laini wa mwanzo, bali ilikuwa sauti ya Bi Alo mwenyewe, ile ya kazini, safi, yenye adabu, haina pumzi ndani yake:

"Umekuja na nani?"

"Amekuja na mimi," akasema Mzee Bango. "Nimemfuata. Ni mwenzangu huyu."

Bi Alo akafungua chupa, akayamwaga maji ndani ya pipa. "Ahsante kwa maji," akasema, kama sheria ilivyotaka. Maji yakapita kwenye tundu la kutu, yakazama ardhini bila kulowesha vumbi.

Kisha ile sauti, polepole:

"Na wewe, mzee? Nyumbani una nani?"

Mzee Bango akafungua mdomo. Bi Alo alimwona akitafuta jibu, akauona ukweli ukimpanda kooni kama ulivyompanda yeye siku ile, chumba chake, kitanda chenye mto mmoja, jioni zisizo na simu, na akaona madoa ya rangi kwenye shati la mzee yakianza kufifia moja baada ya jingine, nyekundu, kijani, buluu, kama yanayofuliwa na mkono usioonekana.

"Ana mimi!" akapiga kelele. "Ana mimi, unasikia? Tuna watu!"

Mlango wa buluu ukaanguka ndani, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa magugu na jua.

Waliporudi, Mwalimu alikuwa wa kwanza kuwaona. "Bi Alo! Ulikuwa wapi wewe, kiti chako kikakaa tupu? Na mzee naye! Haya, semeni, mlikuwa wapi wawili hawa?" Watu wakapiga vigelegele vya utani, mtu akamtia andazi mkononi, na Bi Alo akala andazi lile akilia, wakadhani ni aibu. Picha za siku ile zilipolazwa chini, alikuwemo ndani ya picha aliyoimalizia Mzee Bango, ameinama, ameshika chupa tupu, amechorwa kwa mkono unaotetemeka na akatoshea vizuri. Mzee aliahidi kuja kesho kunywa chai.

Jua lilikuwa linazama aliporudi kwake. Nyumba ilinuka nyumba tu. Akafungua madirisha, akaosha vikombe viwili badala ya kimoja, akawa anaimba. Simu ikalia.

"Alo!"

"Mama." Ni binti, na safari hii hakuwa na haraka. "Samahani nakusumbua si siku yangu. Nilitaka kukushukuru."

"Unanishukuru nini, mwanangu?"

"Kwa kunipigia kila siku wiki hizi. Nilikuwa na hali mbaya, mama, nilikuwa sikuambii. Na lile swali lako la leo mchana. Nilikujibu mzaha, halafu nikakaa nikifikiri. Wewe ni mama yangu, siwezi kukuficha."

Kikombe kilimtoka Bi Alo mkononi, kikavunjika. "Swali gani?"

"Si uliniuliza, huku nimekuja na nani, na nyumbani nina nani? Sina mtu, mama. Ndiyo jibu langu. Niko peke yangu kabisa."

Na nyuma ya sauti ya binti, kule mbali, ndani ya chumba kimoja cha ghorofani cha mtu ambaye hajawahi kushika brashi, ikasikika ting, ting, ting.

"Mwanangu," akanong'ona Bi Alo, ameishika simu kwa mikono miwili. "Usikate. Nani yuko hapo na wewe?"

"Hakuna mtu, mama," akasema binti. "Si nimekwisha kukuambia?"